Kisanduku cha Majaribio ya Minyororo ya Elektroni: Rangi Zinafundisha, Chati Inapotosha

Kisanduku ninachokitathmini hapa kimetengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa baiolojia wa kidato cha tano na cha sita, na kazi yake imeandikwa waziwazi juu ya mfuniko: kulinganisha mnyororo wa usafirishaji wa elektroni, yaani safu ya molekuli zinazopokezana elektroni kwenye utando, katika upumuaji wa seli na ule wa usanisinuru. Ndani yake mna chupa mbili ndogo za rangi, yaani methilini bluu na DCPIP, pamoja na pakiti za hamira kavu, sukari, chumvi za kutengenezea bafa (kimiminika kinachozuia pH isibadilike), neli za majaribio, vitoneshi, kinu kidogo na mchi wake, kitambaa cha kuchujia, kijitabu cha maelekezo na chati kubwa ya ukutani. Shule yetu ilikinunua kupitia duka la vifaa vya maabara kwa bei isiyofika laki mbili, na nimekitumia kwa wanafunzi wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) na wa CBG (kemia, baiolojia na jiografia). Jina la mtengenezaji nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa sehemu kubwa ya kasoro nitakazozieleza nimezikuta pia katika vifaa vya kufundishia vya watu wengine. Hukumu yangu naitoa mapema ili mwenye haraka asipoteze muda: majaribio mawili yaliyomo yana thamani kupita bei yake, lakini chati inafundisha ulinganisho ambao mwalimu atalazimika kuurekebisha kabla haujaota mizizi vichwani mwa wanafunzi.

Mada yenyewe inajulikana kwa kuwasumbua wanafunzi, na sababu si ugumu wake peke yake. Mwanafunzi hukariri kompleksi nne, yaani makundi ya protini yanayopokezana elektroni, upande wa mitokondria inayofanya upumuaji, na fotosistemu mbili, yaani makundi ya protini yanayonasa mwanga, upande wa kloroplasti inayofanya usanisinuru, akajaza jedwali la mfanano na tofauti, akapata alama zake, na katika safari yote hiyo hakuna mahali alipoiona elektroni ikifanya kazi yoyote. Elektroni haionekani, ila rangi inaonekana. Rangi zote mbili zilizomo kisandukuni ni za bluu zinapokuwa hazina elektroni za ziada, na zote hupoteza bluu yake zikishazipokea, hivyo zikiwekwa mahali panapofaa huzidaka elektroni njiani kabla hazijafika zilikokuwa zinakwenda. Msingi wa jaribio hili ni wa zamani. Mwaka 1937 Robert Hill wa Cambridge, Uingereza, alitoa taarifa kwamba kloroplasti zilizotolewa nje ya jani huendelea kutoa oksijeni zikimulikwa, hata bila kabonidayoksaidi, mradi tu zipewe kampaundi ya chuma ya kupokea elektroni. Katika kisanduku hiki DCPIP ndiyo iliyochukua nafasi ya chuma cha Hill.

Jaribio la hamira ni jepesi zaidi, na ninashauri lianze hilo. Hamira hukorogwa katika maji ya uvuguvugu yenye sukari na kuachwa mpaka ianze kutoa povu, kisha humiminwa katika neli moja, na neli ya pili hutiwa hamira iliyochemshwa. Zote mbili hudondoshewa methilini bluu na kusimamishwa katika bika lenye maji ya nyuzi 35 hadi 40. Neli ya hamira iliyochemshwa hubaki ya bluu. Ile ya hamira hai huanza kupauka kutoka chini kwenda juu mpaka ikabaki na weupe wa hamira yenyewe, isipokuwa utepe mwembamba wa bluu unaong'ang'ania juu kabisa, pale kimiminika kinapogusana na hewa. Utepe huo ndio somo lenyewe. Mwanafunzi akiuziba mdomo wa neli na kuitikisa, bluu hurudi neli nzima, na akiiacha itulie hupauka tena, kwa sababu oksijeni ya hewani imezinyang'anya molekuli za rangi zile elektroni ambazo hamira ilikuwa imezipa. Hapo hata mwanafunzi anayekaa dawati la nyuma huuliza mwenyewe: ikiwa oksijeni ina pupa ya elektroni kiasi hicho, ndani ya seli inazipokea namna gani bila kuleta madhara? Kijitabu kinamjibu vizuri, kwamba kompleksi ya IV huishikilia molekuli ya oksijeni mpaka ikamilishiwe elektroni nne, ndipo yanapotoka maji.

Hata hivyo, kijitabu hicho hicho kinadai kwamba kupauka kwa rangi kunaonyesha mnyororo wote wa mitokondria kama ulivyochorwa katika chati, na dai hilo halisimami. Hamira ya mkate, Saccharomyces cerevisiae, haina kompleksi ya I kabisa. Badala yake ina vimeng'enya vidogo vinavyoipokea elektroni kutoka NADH, molekuli inayobeba elektroni za chakula, na kuikabidhi kwa ubikwinoni, mbebaji anayefuata ndani ya utando, bila kusukuma hata protoni moja. Isitoshe, hamira iliyowekwa kwenye sukari nyingi hupendelea kuchachuka hata pakiwa na oksijeni, hivyo sehemu kubwa ya elektroni zinazoipausha methilini bluu hutoka kwenye glaikolisisi (hatua ya kwanza ya kuvunja sukari) na vimeng'enya vingine vinavyoondoa haidrojeni, na wala hazipiti katika utando wa mitokondria. Jaribio linabaki kuwa zuri, ila linachokionyesha ni kwamba chakula kinapovunjwavunjwa hutoa elektroni zenye uwezo wa kuhamia kwenye dutu nyingine gizani, bila msaada wa nishati kutoka nje. Hilo linatosha. Kumwambia mwanafunzi kwamba ameiona kompleksi ya I ndani ya kiumbe kisichokuwa nayo ni jambo ambalo halikuwa na ulazima wowote.

Jaribio la pili linadai uangalifu zaidi, nalo ndilo linalokipa kisanduku hadhi yake. Majani mabichi ya spinachi ya sokoni hutolewa mshipa wa kati, hukatwakatwa na kupondwa katika bafa baridi yenye sukari, kinu kikiwa kimekaa juu ya barafu, kisha uji wa kijani hukamuliwa kwa kitambaa. Barafu haikuwekwa kwa mapambo. Maabara isiyokuwa na jokofu na ikakosa barafu ya kununua itapata uji unaopoteza nguvu haraka, kwa kuwa jani likishapondwa vimeng'enya vyake huanza kuharibu tando za thailakoidi, zile za ndani ya kloroplasti zenye mnyororo wa elektroni, na baridi ndiyo inayovichelewesha. Uji huo ukitiwa DCPIP hupata rangi ya bluu iliyochanganyika na kijani. Neli moja hufungwa kwa karatasi ya alumini, nyingine huachwa wazi, na zote huwekwa ndani ya bika la maji ili joto lisizifikie moja kwa moja. Kijitabu kinaagiza taa ya umeme, lakini jua la saa nne asubuhi linafanya kazi hiyo vizuri zaidi, na halikatiki katikati ya kipindi. Ndani ya dakika chache neli iliyo wazi hubaki na kijani kitupu, na ile iliyofungwa, ikifunguliwa, huwa bado na bluu yake.

Huwa bado na bluu yake, lakini si yote, na hapa ndipo nilipotegemea kijitabu kimsaidie mwalimu nacho hakikumsaidia. DCPIP ndiyo ile ile inayotumika kupima vitamini C katika maji ya chungwa, na jani bichi lina vitamini C ya kutosha, hivyo sehemu ya rangi hupauka hata gizani bila kloroplasti kuhusika. Mwanafunzi asiyelijua hilo anaweza kuandika kwamba mwanga si wa lazima, na kwa alichokiona atakuwa na haki. Shule yenye sentrifuji inaweza kuzitenga kloroplasti na maji ya jani, tatizo likaisha. Sisi tusio nayo tunaudondoshea uji DCPIP taratibu kwenye kivuli kizito, tukihesabu matone, mpaka ifike hatua ambayo bluu inakaa bila kufifia. Hapo vitamini C imekwisha, na kinachopauka baada ya hapo kwenye mwanga ni kazi ya kloroplasti. Aidha, kijitabu hakitaji neli ya tatu yenye uji uliochemshwa na kuwekwa kwenye mwanga, ambayo bila hiyo mwanafunzi mdadisi anaweza kudai kwamba mwanga wenyewe ndio unaoiharibu rangi. Kurasa mbili nzima zimetumika kueleza namna ya kuosha neli, ilhali mambo haya mawili hayakupewa hata mstari.

Zaidi ya hayo, kuna jedwali dogo ambalo lingeyaunganisha majaribio yote mawili, nalo halimo. Uwezo wa dutu kuvuta elektroni hupimwa kwa volti, na kadiri kipimo kinavyozidi kuwa chanya ndivyo mvuto unavyozidi. Katika hali ya kawaida ya kibayolojia NADH iko kwenye takriban −0.32, methilini bluu kwenye +0.01, DCPIP kwenye +0.22, na oksijeni inayogeuka kuwa maji kwenye +0.82. Mwanafunzi akiandikiwa namba hizi nne ubaoni kutoka juu hadi chini, anaona mara moja kwa nini hamira haikuhitaji taa: elektroni ilitoka −0.32 ikateremka hadi +0.01, na kuteremka hakuhitaji msukumo. Kwenye kloroplasti elektroni ilitoka kwenye maji, yaani +0.82, ikafika kwenye DCPIP iliyo +0.22, na huko ni kupanda. Kitu pekee kilichoipandisha ni mwanga, na ndiyo maana neli iliyofungwa haikubadilika kama mwenzake. Sijapata maelezo mengine mafupi yanayolinganisha minyororo hii kwa nguvu ya namna hiyo, na nashangaa kwamba mtengenezaji aliyechagua rangi hizi mbili kwa ufundi mkubwa hakuona haja ya kueleza kwa nini zinafaa.

Nikija kwenye chati, nianze na sehemu yake iliyo bora, ambayo ni katikati. Msanii amezipanga tando mbili moja juu ya nyingine, utando wa ndani wa mitokondria juu na ule wa thailakoidi chini, na amevipa rangi moja viungo vinavyofanana. Ubikwinoni na plastokwinoni zote ni za machungwa, nazo kweli ni molekuli za jamii moja, zenye mkia wa mafuta unaoziwezesha kuogelea ndani ya utando zikiwa zimebeba elektroni mbili na protoni mbili. Kompleksi ya III ya mitokondria na saitokromu b6f ya kloroplasti zote ni za zambarau, na hapo chati inastahili pongezi kamili, maana protini hizi mbili zina asili moja na zinafanya kazi kwa mbinu moja: kwinoni ikizifikia, elektroni moja huendelea mbele na ya pili huzungushwa nyuma kwenye kwinoni nyingine, na kwa njia hiyo protoni zinazovushwa huongezeka maradufu. Mbele yake saitokromu c upande mmoja na plastosianini upande mwingine zimechorwa kama wajumbe wadogo wanaobeba elektroni moja moja, cha kwanza kikitumia chuma na cha pili shaba. Mwalimu anayetaka kuonyesha kwamba maumbile yametumia ramani moja katika sehemu mbili hana haja ya kuchora chochote cha kwake.

Kasoro inaanza kwenye kichwa cha habari cha chati, kinachotangaza kwamba mnyororo mmoja ni kinyume cha mwingine, na mishale mikubwa myekundu imechorwa kuelekea kushoto juu na kulia chini ili kulisisitiza hilo. Ukweli ni kwamba kinyume kipo kwenye ncha tu. Katika upumuaji elektroni huanzia kwenye NADH na kuishia kwenye oksijeni inayogeuka maji. Katika usanisinuru huanzia kwenye maji yanayotoa oksijeni na kuishia kwenye NADP+ inayogeuka NADPH, mbebaji wa elektroni za kutengenezea sukari. Katikati hakuna kinyume chochote, kwa maana pande zote mbili elektroni huteremka kutoka kwenye kwinoni kwenda kwenye saitokromu na kwenda kwenye mjumbe mdogo, na pande zote mbili mteremko huo ndio unaolipia uvushaji wa protoni. Kama minyororo ingekuwa kinyume kweli, saitokromu b6f ingepokea elektroni kutoka plastosianini na kuipandisha hadi kwenye plastokwinoni, jambo ambalo chati yenyewe, ukiitazama mishale yake midogo myeusi, haisemi. Yaani mishale midogo inakanusha mishale mikubwa, na mwanafunzi anaangalia mikubwa.

Tatizo hili lingeepukwa iwapo chati ingechorwa kwa kipimo cha nishati badala ya mstari wa ulalo. Hill na mwenzake Bendall walipendekeza mwaka 1960 mchoro ambao leo unajulikana kwa umbo la herufi Z, unaoonyesha elektroni ikipandishwa mara mbili, mara ya kwanza na fotosistemu ya II na mara ya pili na fotosistemu ya I, na katikati ya vipandio hivyo ikiteremka. Kwenye mchoro wa namna hiyo upumuaji ni mteremko mmoja wa volti 1.14 kutoka NADH hadi oksijeni, na usanisinuru ni vipandio viwili vyenye mteremko mfupi kati yao, na mteremko huo mfupi ndio unaofanana na kipande cha kati cha mitokondria. Mchoro wa kipimo ungeonyesha pia jambo ambalo chati imelificha kabisa, kwamba fotosistemu ya II ikishapoteza elektroni yake huwa kwenye takriban volti +1.2, mvuto unaoipita oksijeni yenyewe, na ni mvuto huo tu unaoweza kuyapokonya maji elektroni. Kazi hiyo hufanywa kupitia kishada cha manganizi nne na kalisi moja, kinachojikusanyia upungufu wa elektroni nne kabla ya kuachia molekuli moja ya oksijeni. Kwa kuwa kila elektroni hupandishwa mara mbili, oksijeni moja inahitaji angalau fotoni (chembe za mwanga) nane. Chati imechora jua likitabasamu na mshale mmoja.

Kuna kundi la viumbe ambalo lingeyafanya makosa ya kichwa cha habari yaonekane bila maelezo mengi, nalo ni sianobakteria, wakiwemo Arthrospira wanaoliwa na heroe wa maziwa ya magadi kama Natron. Ndani ya sianobakteria utando wa thailakoidi hubeba upumuaji na usanisinuru kwa pamoja, na plastokwinoni pamoja na saitokromu b6f ni zile zile kwa kazi zote mbili. Usiku hupitisha elektroni za chakula na mchana za maji. Kifaa kimoja hakiwezi kuwa kinyume chake chenyewe. Sentensi mbili za namna hii pembeni mwa chati zingetosha, na nafasi ya kuziandika ipo, ila imejazwa nembo.

Upande wa protoni chati inakosea kwa namna ambayo wengi wetu tumefundishwa hivyo hivyo. Imeandikwa kwamba mitokondria husukuma protoni nje na kloroplasti huzisukuma ndani, jambo ambalo kwa macho ni kweli: kutoka matriksi, yaani ndani kabisa ya mitokondria, kwenda nafasi iliyo kati ya tando mbili, na kutoka stroma, yaani majimaji yanayoizunguka thailakoidi, kwenda lumeni, yaani uwazi wa ndani ya thailakoidi. Lakini mwanafunzi akitazama kichwa cha kimeng'enya kinachotengeneza ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, ataona kwamba daima kimegeukia upande ule protoni zinakotolewa, matriksi huku na stroma kule, hivyo lumeni ni mwenza wa nafasi ya kati ya tando na mpangilio ni mmoja. Peter Mitchell alipoeleza mwaka 1961 kwamba tofauti ya protoni kwenye pande mbili za utando ndiyo inayotengeneza ATP, wazo lake lilihusu minyororo yote miwili kwa pamoja, na mojawapo ya ushahidi ulioliimarisha ulitoka kwenye kloroplasti: mwaka 1966 Jagendorf na Uribe waliziloweka thailakoidi katika asidi ya pH 4, wakazihamishia ghafla kwenye pH 8, na zikatengeneza ATP gizani, bila elektroni hata moja kusafirishwa na mwanga. Mitchell alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1978. Tofauti halisi iliyopo ni ya aina ya msukumo, maana kwenye mitokondria sehemu kubwa ni volti inayokaa kwenye utando, na kwenye thailakoidi sehemu kubwa ni pH, kwa kuwa ioni nyingine huhama na kuipunguza volti hiyo. Chati haiitaji tofauti hiyo.

Hesabu za ATP nazo zimezeeka. Chati inaandika ATP 38 kwa kila glukosi, namba ambayo vitabu vingi vya sasa vimeiacha na kuweka 30 hadi 32, baada ya kukubalika kwamba NADH moja huvusha protoni 10 na kuzaa takriban ATP 2.5. Kimeng'enya kinachotengeneza ATP kimechorwa sawasawa pande zote mbili, ilhali pete yake inayozunguka ina vipande 8 kwenye mitokondria ya mamalia na 14 kwenye kloroplasti ya spinachi. Kila kipande hupitisha protoni moja na kila mzunguko mmoja hutoa ATP tatu, kwa hiyo kloroplasti hulipa protoni nyingi zaidi kwa kila ATP, na hilo si jambo dogo: oksijeni moja inapotolewa, protoni 12 huingia lumeni, ambazo kwa pete ya vipande 14 hazifikishi ATP tatu zinazohitajika kwa kila NADPH mbili katika mzunguko wa Calvin, unaotengeneza sukari. Ndiyo sababu baadhi ya elektroni za fotosistemu ya I hurudishwa kwenye plastokwinoni na kuzungushwa tena ili kuongeza protoni. Njia hiyo ya mzunguko imo katika muhtasari wa kidato cha tano na sita, na kwenye chati haimo.

Jedwali la sumu lililo mwishoni mwa kijitabu ni zuri kuliko nilivyotarajia, ingawa limeandikwa kana kwamba sumu hizo zinapatikana maabara tu. Mwalimu wa huku anaweza kuliongezea uhai bila kugusa chupa yoyote. Rotenoni inayoziba kompleksi ya I ni ya jamii ya kemikali zilizomo ndani ya utupa, mmea ambao majani yake yametumika tangu zamani kulevya samaki, na ambao matumizi yake hayo yamekatazwa. Sianidi inayoziba kompleksi ya IV ndiyo ile ile inayotoka kwenye muhogo mchungu usioloweshwa na kuanikwa ipasavyo. Upande wa kloroplasti, atrazini inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo kwa ajili ya magugu ya mashamba ya mahindi hukaa kwenye fotosistemu ya II mahali plastokwinoni ilipopaswa kukaa, na parakwati hudaka elektroni kwenye fotosistemu ya I na kuzitupa kwa oksijeni, ikazalisha kemikali kali zinazoliunguza jani. Kijitabu kinapendekeza mwanafunzi ajaribu dawa ya magugu kwenye neli ya DCPIP aone bluu ikigoma kupauka. Kwa dawa zinazoziba fotosistemu ya II wazo hilo ni sahihi kisayansi, lakini lilipaswa kuitaja dawa kwa jina na kuipiga marufuku parakwati, ambayo funda dogo tu linaweza kuua na haina kiuasumu.

Kuhusu huduma sina mengi. Mzigo ulifika ukiwa umefungwa vizuri na hakuna neli iliyovunjika, kinu ni kizito na imara, na kitambaa cha kuchujia kinafulika na kutumika tena. Malalamiko yangu ni juu ya DCPIP kuletwa ikiwa imekwisha kuyeyushwa, maana rangi hiyo ikiwa katika maji haidumu, hasa chupa ikikaa kwenye joto na mwanga, na ile yetu ilikuwa imefifia kabla ya muhula kwisha. Methilini bluu haina tatizo hilo. Hamira iliyomo haina tofauti na ya dukani, kwa hiyo hakuna haja ya kuagiza ya kujazia kwa bei ya maabara.

Shule yenye maabara ndogo, barafu ya kununua na mwalimu aliye tayari kuandika namba nne za volti ubaoni itapata katika kisanduku hiki vipindi vya kutosha vya kazi ya mikono. Mzazi anayefikiria kumnunulia mtoto wa nyumbani namshauri asubiri, kwa sababu bila mtu wa kumwambia habari za vitamini C na za hamira isiyokuwa na kompleksi ya I, atajifunza mambo mawili yasiyo sahihi kwa ushahidi wa macho yake mwenyewe. Duka huuza pia chati peke yake. Hiyo siipendekezi mpaka kichwa chake cha habari na mishale yake mikubwa vibadilishwe. Kisanduku chenyewe nimekwisha kukiagiza kwa ajili ya mkondo wa pili, na safari hii nimeomba DCPIP ije ikiwa ya unga.